Lugha au lahaja? Njia tatu za kuwapa watu wa gemu lako usemi wao

Ramani umeshaichora. Kuna mji wa bandari, kuna watu wa milimani, na kuna wavuvi wa visiwani wanaoshikilia kwamba wao ndio waliotangulia kufika. Kisha mchezaji mmoja anauliza: "Mhusika wangu ametoka visiwani. Akishuka bandarini, anaelewana na wenyeji?" Hapo ndipo watunzi wengi hukwama, wawe wanatunga gemu la mezani la kurusha dadu au gemu la kompyuta. Ukijibu kwamba ni lahaja tu, visiwa vinakosa upekee wake. Ukijibu kwamba ni lugha nyingine kabisa, yule mchezaji anakaa kimya jioni nzima kwa sababu mhusika wake hapati kinachosemwa.

Ziko njia tatu za kulimaliza jambo hili: kuweka lugha moja yenye lahaja zake, kuweka lugha mbalimbali zisizoelewana, au kuweka mlolongo wa usemi ambamo kuelewana hupungua kadiri mtu anavyosafiri. Zote tatu zimetumika na zote zinafanya kazi. Nitazipima kwa vipimo vilevile, na mifano mingi nitaichukua hapa kwetu, maana mtu anayeishi Dar es Salaam anasikia mambo haya kila akipita Kariakoo.

Vipimo vinne

Cha kwanza ni kuelewana: mtu wa huku akimsikiliza wa kule, anapata nini? Cha pili ni nasaba: semi hizo zimetoka shina moja, na zilitengana lini? Cha tatu ni mamlaka: nani katika dunia yako ana uwezo wa kutangaza kwamba hii ni lugha na ile ni lahaja ya washamba? Cha nne ni mzigo: kazi kiasi gani kwako unayetunga, na kwa wanaocheza.

Vitatu vya mwanzo havikubaliani hata katika dunia halisi. Muha wa Kigoma, Mrundi na Mnyarwanda wakikaa pamoja, kila mmoja akasema kwao, wanaelewana vizuri. Lakini tunahesabu lugha tatu, zenye majina matatu, na mipaka ya nchi imepita katikati yao. Geukia Kilimanjaro. Kichaga kinatajwa kama kitu kimoja, lakini mtu wa Rombo upande wa mashariki na mtu wa Machame upande wa magharibi wakikutana dukani Kariakoo, wataongea Kiswahili, kwa sababu Kirombo na Kimachame vimeachana mno. Kisukuma na Kinyamwezi navyo, wengine huviita lugha mbili na wengine huviona ni pande mbili za lugha moja.

Kwa hiyo usijitese kutafuta jibu moja la kitaalamu. Amua kipimo kipi kati ya hivyo vitatu kitakuwa na neno la mwisho katika gemu lako. Ukishaamua hivyo, njia inajionyesha yenyewe.

Njia ya kwanza: lugha moja, lahaja nyingi

Kuelewana. Kila mtu anamwelewa kila mtu, ila mara tu anapofungua mdomo anajulikana alikotoka. Usidharau jambo hilo. Mlinzi wa lango anajua wewe ni mtu wa visiwani kabla hujataja jina. Mpelelezi lazima afiche matamshi yake. Mama mwenye nyumba ya wageni anakupunguzia bei kwa sababu umemkumbusha nyumbani. Dadu, ambayo huamua kama jambo limefaulu, haina haja ya kurushwa ili watu waelewane. Inarushwa pale mtu anapojifanya ametoka mahali pengine.

Nasaba. Hapa kazi ni nyepesi na matunda ni mengi. Kanuni moja ya sauti inatosha. Tazama uhusiano wa Kiunguja na Kimvita: penye ch upande wa Unguja, mara nyingi Mombasa huwa na t. Macho ni mato, kichwa ni kitwa, mchele ni mtele, kucheka ni kuteka. Mtu wa Dar akisikia maneno matatu ya namna hiyo anaishika kanuni, na la nne analibashiri mwenyewe. Tena kanuni hiyohiyo inakupa mkasa wa bure: mgeni anaambiwa kwamba vijana wa mtaa ule "wanateka", anakimbilia kwa mkuu wa walinzi kuomba msaada, kumbe wanacheka tu. Tunga kanuni ya aina hiyo kwa visiwa vyako, iandike pembeni mwa daftari, na itumie kwa kila neno bila kuyumba. Wachezaji wataigundua, na watafurahi kwa kuigundua.

Mamlaka. Hiki ndicho kipimo chenye utajiri mkubwa katika njia hii, na ndicho ambacho watunzi wengi wanakiacha kikiwa kitupu. Penye lahaja kadhaa, mara nyingi kuna moja iliyokalishwa kwenye kiti. Kwetu iliwahi kufanyika hivyo waziwazi: mwaka 1928 mkutano uliofanyika Mombasa ulikubali Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaanza kazi kamati ya lugha ya nchi za Afrika Mashariki chini ya utawala wa Waingereza. Kimvita nacho kilikuwa na watetezi wake. Mmisionari Krapf, aliyefanya kazi Mombasa na Rabai, alikuwa amekikusanyia kamusi iliyochapwa mwaka 1882, wakati Steere, mmisionari mwingine, kule Zanzibar alikuwa amejikita katika Kiunguja. Ushairi mkongwe wenye heshima kubwa ulikuwa umetungwa kwa lahaja za Lamu, Pate na Mombasa. Lahaja ya shule na ofisi ikawa moja, lahaja za ushairi zikabaki nyingine. Na si kila usemi wa Unguja uliopanda cheo: kilichochukuliwa ni Kiunguja cha mjini, huku Kimakunduchi cha kusini mwa kisiwa hichohicho kikibaki kama kilivyo.

Sasa hamishia maswali hayo kwenye dunia yako. Nani alikaa kikao akachagua? Lahaja iliyoshindwa inatumika wapi bado, kwenye nyimbo, kwenye dua, kwenye mahakama za wazee? Mtoto akiisema shuleni anafanywa nini? Majibu ya maswali haya yatakupa wahusika wenye kinyongo cha kweli, na hutahitaji kubuni hata kitenzi kimoja kipya.

Mzigo. Mdogo. Chukua kanuni ya sauti, maneno kumi hivi ya kila siku, na salamu ya kila eneo. Onyo langu ni moja, na nalisema kwa uzito: usichukue matamshi ya kabila halisi la hapa nchini ukampa mhusika mjinga au mwizi ili watu wacheke. Mezani huenda yupo kijana ambaye bibi yake anaongea hivyohivyo. Buni lahaja yako, na ipe wenye hekima na wapumbavu kwa usawa.

Mfano wa kuangalia ni gemu la mezani la Dungeons & Dragons. Katika toleo la tatu la mwaka 2000, viumbe wa maji, hewa, moto na ardhi walipewa lugha nne mbalimbali: Aquan, Auran, Ignan na Terran. Katika toleo la tano la mwaka 2014, nne hizo zimekuwa lahaja za lugha moja iitwayo Primordial, na wasemaji wake wanaelewana. Viumbe ni walewale, majina ni yaleyale. Kilichobadilika ni mzigo: mchezaji anachagua lugha moja na kufunguliwa zote nne.

Inamfaa: anayetunga kisa cha siasa ndani ya nchi moja, familia zinazogombana, mji wenye matabaka. Pia msimulizi, yaani anayeongoza mchezo mezani, anayeanza na kundi la wageni wa gemu za mezani.

Njia ya pili: lugha mbalimbali

Kuelewana. Hakuna, mpaka ujifunze au upate mkalimani. Katika gemu la kompyuta la World of Warcraft, lililotoka mwaka 2004, wachezaji wa pande mbili zinazopigana wakiandikiana, maandishi hufika yakiwa yamevurugwa. Hapo kutokuelewana kunajenga uadui wenyewe: huwezi kujadiliana na adui yako hata ukitaka.

Uzuri wa njia hii unaonekana pale kujifunza kunapokuwa ndiyo safari. Katika No Man's Sky ya mwaka 2016 unajifunza neno mojamoja la viumbe unaokutana nao, na sentensi zao zinaanza kufunguka kidogokidogo. Chants of Sennaar ya mwaka 2023 imejengwa karibu yote juu ya kufumbua alama za watu wanaoishi katika mnara mmoja bila kuelewana. Ukitaka mchezaji ajisikie mgeni kwa dhati, kisha ajisikie amekaribishwa, lahaja hazitakufikisha huko.

Nasaba. Unaweza kuiacha kabisa. Lugha mbili zisizo na undugu hazidaiwi maelezo ya zilivyotengana. Zinadaiwa maelezo ya zilivyokutana: nani alihama, nani alivamia, nani alikuja kununua chumvi.

Mamlaka. Nani anaruhusiwa kutafsiri? Mkalimani ana nguvu kubwa kuliko upanga, kwa sababu pande zote mbili zinategemea uaminifu wake. Mpe mchezaji mmoja kazi hiyo na umwache aamue nini cha kufikisha na nini cha kumeza.

Mzigo. Hapa ndipo pagumu. Lugha kamili ni kazi ya miaka, kwa hiyo watunzi hutafuta njia ya mkato. Maarufu ni ya Final Fantasy X ya mwaka 2001: lugha ya watu wa Al Bhed ni ubadilishaji wa herufi tu, vokali kwa vokali na konsonanti kwa konsonanti, na mchezaji hukusanya vitabu 26, kila kimoja kikimfungulia herufi moja.

Ukiifanya hivyo kwa Kiswahili inatamkika vizuri. Sema a iwe e, i iwe o, u iwe a, k na t zipokezane, b iwe d: kitabu kinakuwa "tokeda". Kinasikika kama neno la watu fulani hasa. Lakini ngeli zetu zitakuumbua. Wachezaji wakisikia sentensi mbili ambamo kila neno linaanza na "to", kama vile "kitabu kile kikubwa" kilivyojaa ki, watajua wamekamata ki, na kabla ya chakula kuletwa watakuwa wamevunja msimbo mzima. Dawa yake ni kuvibadilisha viambishi kwanza kwa orodha ya peke yake, au kuvihamishia mwisho wa neno, ndipo ubadilishe herufi. Kwa njia hiyo "kitabu" kinakuwa "tabuki", kisha "kedato", na hapo msimbo utachukua muda kuvunjika.

Mezani kuna mzigo mwingine ambao hauonekani kwenye karatasi, nao ni ukimya. Watu watano wamesafiri kwa daladala mbili kuja kucheza, halafu mmoja tu ndiye anayeelewa lugha ya mahali. Wanne wanabaki kuangalia simu. Ukichagua njia hii, hakikisha kila mhusika ana lugha moja ambayo wenzake hawana, na kila lugha hiyo inahitajika mapema.

Inamfaa: gemu la uvumbuzi, la mafumbo, la safari ndefu ugenini, au vita ambamo kutokuelewana ni sehemu ya maafa. Kwa mtengenezaji wa gemu la kompyuta ni rahisi zaidi kuliko kwa msimulizi wa mezani, kwa kuwa programu ndiyo inayokumbuka nani amejifunza nini.

Njia ya tatu: mlolongo wa usemi

Kuelewana. Kijiji cha kwanza kinamwelewa cha pili vizuri, cha pili kinamwelewa cha tatu, lakini wa kwanza na wa saba hawapatani hata kwenye bei ya samaki. Mahali ambapo lahaja inakoma na lugha inaanza hapaonyeshwi na mtu. Pwani yetu inatoa picha nzuri, kuanzia Chimwiini cha Barawa nchini Somalia hadi Kimwani cha kaskazini mwa Msumbiji. Wasemaji wa ncha hizo mbili ni ndugu, ila mazungumzo yao yangehitaji subira nyingi.

Kuelewana kwenyewe hakuendi sawa pande zote mbili. Mzee wa Makunduchi anamwelewa mtu wa Dar bila taabu, kwa sababu amesikia redio na watoto wake wamesoma kwa Kiswahili sanifu. Mtu wa Dar akimsikiliza mzee huyo akiongea na wenzake Kimakunduchi, anaachwa njiani. Liweke hili kwenye gemu lako na utashangaa linavyobadili mizani: wanyonge wanawaelewa wakubwa, wakubwa hawawaelewi wanyonge. Watumishi wa ikulu wanasikia kila siri, na wanaweza kupanga njama mbele ya bwana wao kwa sauti ya kawaida.

Hebu tuutazame mfano mmoja kwa karibu. Wachezaji wametoka kijiji cha kwanza, wamefika cha nne. Mvuvi anawaonya wasivuke mto kabla jua halijazama. Umeamua kwamba kwa umbali huo wanapata majina ya vitu, nambari na vitenzi, ila ukanushi wa huko unafanywa kwa kidokezo cha mwisho wa kitenzi ambacho hawakijui. Wanachosikia ni: mto, kuvuka, jua, kuzama, na sauti ndogo ngeni mwishoni. Msimulizi anawasomea hivyohivyo, ananyamaza. Mmoja anasema tuvuke jua likizama. Mwingine anasema hapana, anatuambia tuvuke upesi kabla ya usiku. Wote wawili wana sababu, na mto una mamba. Kurusha dadu hakuwezi kukupa mabishano matamu kama hayo.

Nasaba. Lazima uijue, kwa sababu mlolongo wote ni historia ya kutengana. Gemu lililokwenda mbali kwa upande huu ni Far Cry Primal ya mwaka 2016. Watengenezaji waliwapa kazi wanaisimu Andrew Byrd na Brenna Byrd wa Chuo Kikuu cha Kentucky, nao wakatunga semi za makabila matatu, Wenja, Udam na Izila, zote zikiegemea lugha mama ya kale iliyokisiwa na wataalamu kuwa asili ya lugha nyingi za Ulaya na Asia. Mchezaji anasoma tafsiri chini ya kioo, kwa hiyo haumii, ila masikio yake yanahisi kwamba hawa ni ndugu waliokosana.

Mamlaka. Serikali hazipendi mlolongo. Zinapenda mstari kwenye ramani. Mfalme wako akichora mpaka kati ya kijiji cha tatu na cha nne, watu walioelewana jana wanaambiwa kwamba wanasema lugha mbili. Kiha na Kirundi vinatosha kama mfano.

Mzigo. Wa kati, lakini unadai nidhamu. Tumia ngazi chache. GURPS, mfumo wa kanuni za gemu za mezani, katika toleo lake la nne la mwaka 2004, ina ngazi nne: hujui, unajua kwa kubabaisha, unajua ila una lafudhi ya kigeni, na unajua kama mwenyeji, tena kusema na kusoma vimetenganishwa. RuneQuest, gemu jingine la mezani, tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, hupima ujuzi kwa asilimia. Mimi naona ngazi nne zinatosha, na umbali wa vijiji ndio unaopunguza ngazi. Asilimia humfanya msimulizi apige hesabu wakati angekuwa anasimulia.

Inamfaa: kundi lililozoeana, kampeni (kisa kinachochezwa kwa vikao vingi) ndefu inayofuata mto, pwani au njia ya misafara, na mtunzi anayefurahia kuandika daftari.

Neno kuhusu lugha ya biashara

Vyovyote utakavyochagua, utashawishika kuweka lugha moja inayojulikana na wote. Hilo linatokea duniani kweli: Kiswahili kilipanda na misafara kutoka Bagamoyo hadi Tabora na Ujiji, kikawa cha watu ambao si wa pwani. Ila ukiwapa wachezaji wote lugha hiyo kwa ukamilifu, lugha nyingine zote zitabaki kuwa mapambo kwenye karatasi. Iwekee mipaka. Itoshe kwa bei, njia, salamu na vitisho. Isitoshe kwa mahakama, posa wala mazishi.

Uchague kwa hali gani

Kama unasimulia kisa cha jioni moja au mbili, na wachezaji hawajazoeana, shika lahaja. Kanuni moja ya sauti, salamu mbili, na mlinzi wa lango mwenye chuki, inatosha.

Kama unatengeneza gemu la simu ukiwa peke yako na fedha hakuna, lahaja za maandishi au lugha ya kubadilisha herufi ndizo utakazozimudu. Kurekodi sauti za lugha ya kubuni kunahitaji waigizaji watakaoizoea, na hiyo ni gharama ya kuilipia mara mbili.

Kama kisa chako kinahusu ukoloni, shule, au nani ana haki ya kusikilizwa, njia ya kwanza na ya tatu zitakubeba zaidi, kwa sababu zinaonyesha jinsi ndugu mmoja anavyopandishwa na mwingine kushushwa. Kama kinahusu kukutana kwa mara ya kwanza kwa watu wasiojuana kabisa, nenda ya pili.

Kama mezani pako yupo mtu anayechoka haraka anapokosa la kusema, epuka lugha zisizoelewana, au mpe yeye ukalimani.

Na kama kampeni imeshaanza, ukawa umeshasema visiwani ni lahaja tu, huhitaji kufuta chochote. Waache watu wa bandarini waendelee kuelewana na kisiwa cha karibu. Kisiwa cha pili, ambacho hakuna mchezaji aliyewahi kukifikia, kipe ukanushi wake na majina yake ya samaki, na cha tatu kiongeze zaidi. Wakipanda jahazi kwenda huko, watakuwa wameingia kwenye mlolongo bila wewe kubadilisha neno ulilokwisha kusema.